Kitenge cha wax orijino na cha kuiga, mnatofautishaje?

BintiMbagala: Habari za jioni wakuu. Niko kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu, nimepewa kazi ya kutafuta sare. Kuna duka Kariakoo lina kitenge kimeandikwa pembeni kuwa ni wax ya Uholanzi, ila bei ni ya kitenge cha kawaida kabisa. Nishtuke?

FundiCherehani: Shtuka, mdogo wangu. Maandishi ya pembeni mimi huyasoma mwisho, maana hakuna kitu rahisi kuiga kama hayo. Anza kwa kugeuza. Wax ya kweli hupigwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo nje na ndani hutofautishi. Cha kuiga mara nyingi kimechapwa upande mmoja, nyuma kimepauka.

Halafu tazama vile vistari vyembamba vya mipasuko. Nta hupasuka inavyotaka, rangi ikapenya humo. Chukua ua moja, kisha ua lilelile mbele kidogo, uyalinganishe. Mipasuko ikifanana mstari kwa mstari, ujue imechorwa. Mwonyeshe muuzaji hapo, usikie atasemaje.

MjombaTanga: Fundi, hao Waholanzi wenyewe si waliiga batiki ya Java, kule Indonesia?

FundiCherehani: Waliiga, tena kwa mashine! Vlisco, kampuni ya vitenge vya wax, walianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na viwanda vya Uholanzi wakati huo vilitaka kuwauzia Wajava batiki yao wenyewe kwa bei ya chini. Wajava hawakuvutiwa na ile mipasuko, kwao ilikuwa kasoro. Wateja wakapatikana Afrika Magharibi. Leo kasoro hiyohiyo ndiyo watu wanahangaika kuichora.

Mimi kuiga hakunisumbui. Vipo vya kuiga vinashoneka vizuri, na muuzaji anakwambia wazi ni vya kuiga. Kinachoniudhi ni kuandika Uholanzi kwenye kitambaa ambacho hakijawahi kufika huko.

BintiMbagala: Nimegeuza kile kipande cha sampuli. Nyuma kimepauka, fundi.

FundiCherehani: Basi kinunue kwa bei ya cha kuiga, kwa sare kinatosha. Ila kabla ya kulipa lowesha kona, sugua na kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kirudishe. Ukumbini mtacheza mpaka jasho litoke, na waume zenu wamevaa mashati meupe.