Tupeane uzoefu: nani anaandika daftari la shukrani kila usiku?

MwanaMikindani
Wakuu, habari za jioni. Kabla ya kulala huwa naandika mambo matatu yaliyoniendea vizuri siku ile, na chini ya kila moja naandika limetokana na nini. Hiyo sababu ndiyo kiini. Martin Seligman na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti mwaka 2005: watu walioandika hivyo kila usiku kwa wiki moja walikuwa na furaha zaidi na dalili za sonona zilipungua, hata walipopimwa miezi 6 baadaye.

Ushauri wangu: usiandike "nashukuru kwa uzima" kila siku. Ni dua njema kabisa, ila ikijirudia mkono unaandika na moyo haupo. Taja la leo. Ukurasa wangu wa jana: "Jirani kaniletea ming'oko ya moto, kaifunika kwa kawa. Kwa nini? Maji yalipokatika wanawe walichota kwetu, hajasahau." Mchana nilipokea sahani nikapita. Usiku, kalamu mkononi, ndipo nilipouona huo ujirani. Leteni na yenu.

Mkulima wa Newala
Mkuu, umenigusa. Sisi wa korosho mzigo ukishaingia ghalani unasubiri mnada, mnada ukipita unasubiri pesa benki. Usingizi hauji, unapiga hesabu za ada za watoto na deni la dukani mpaka jogoo awike. Daftari halijawahi kuharakisha malipo, lakini nikishaandika zile hesabu huniachia. Juzi: "Mke wangu kabangua korosho kakaanga, watoto wakagombania zilizoungua kidogo, tukacheka wote. Kwa nini? Aliniona nimekaa kimya tangu magharibi." Deni lenyewe sijalishukuru na sitalishukuru. Mtu asikulazimishe.

NesiLindi
Zamu za usiku hazinipi nafasi, naandika Jumapili tu na inanitosha. Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta walioandika mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, wa mara tatu hawakuongezeka. Kila mtu apime kinachomfaa.

Mama Zai, Mtama
Dada nesi umenena. Nilipofiwa na mume wangu, eda nzima sikuandika neno, na nisingependa mtu aje kuniambia niandike. Baadaye nikaanza na majina tu: waliopika msibani, waliochota maji, shemeji yangu aliyelala chumbani kwangu wiki za mwanzo ili nisiamke peke yangu. Kila nikimkumbuka mwingine namwongeza.

Kijana wa Nachingwea
Shikamooni wakubwa. Bibi yangu hajui kuandika, ila nimemsimulia habari hii ameipenda sana. Tufanyeje?

MwanaMikindani
Marahaba. Mkimaliza kula muulize, "Bibi, leo kipi kimekufurahisha, na kwa nini?" Andika kwa maneno yake yaleyale, usimsahihishe. Ijumaa ikifika msomee yote.