Spika ndogo za kuongea nazo zinatosha sebuleni au nibaki na sabufa yangu?

kibopa_temeke: wakuu habari za jioni, sebule yangu ya kawaida tu kama futi 12 kwa 14, sa hivi natumia sabufa ya zamani ina waya kila kona mpaka wife kashachoka nayo, sasa shemeji yuko Marekani anakuja disemba kasema atanibebea kispika kimoja cha kuamrisha kwa sauti, Echo Dot ya Amazon, Nest Mini ya Google au HomePod mini ya Apple. Mambo ya kuuliza hali ya hewa sina shida nayo, nauliza sauti tu. Mziki unatoka au ni kama simu kwenye bakuli?

fundi_redio: Tusidanganyane mkuu. Nest Mini kispika chake cha ndani ni milimita 40, Echo Dot ya 2022 ni 44. Besi ni hewa kusukumwa, sasa kadude ka hivyo kanasukuma hewa gani? Weka taarab, mwimbaji na fidla utawapata safi kabisa, gitaa la besi utaliwazia tu. Singeli usijaribu.

mama_wawili: mi ninacho kimoja cha hivyo jikoni mwaka wa pili huu na nakipenda jamani, napika huku nasikiliza taarifa ya habari, mikono ina unga nakiambia tu kipunguze sauti. Jikoni kinajaa. Sebuleni wageni wakiwa watano wanapiga stori hakifui dafu. Alafu Kiswahili hakijui, nakisemesha kizungu changu cha kuombea maji watoto wanacheka mpaka chini 😂

mvita_boy: Hamjamwambia pahali pa kuiweka. Isukume karibu na ukuta au kwa kona, besi itapanda kidogo, katikati ya meza inapotea. Kwa sauti pekee kati ya hizo tatu mimi nachagua HomePod mini, lakini bila aifoni au aipadi huwezi hata kuiwasha ikafanya kazi, na mziki kwa bluetooth haipokei. Ukiwa na Android umekula wa chuya.

kibopa_temeke: natumia Tecno bana, hiyo itoke

bahari_maskati: Mimi huku Maskati nimeweka mbili za aina moja kushoto na kulia, zinaungwa zinakuwa stirio. Mziki unafunguka upana, besi ndo ile ile. Na kumbuka hazina betri, umeme ukikatika zimezima, intaneti ikikata zinabaki pambo la kabati, kwa hiyo kama unategemea bando la simu fikiria mara mbili

fundi_redio: Kibopa usitupe sabufa. Echo Dot kizazi (yaani toleo) cha 3 na cha 4 zina tundu la waya nyuma, unachomeka kwenye sabufa, kadude kanabaki kusikiliza amri tu na mziki unapigwa na sabufa. Ile ya 2022 tundu walilitoa, Nest Mini nayo haina, hizo labda sabufa yako iwe na bluetooth. Mwambie shemeji aulize kizazi kabla hajalipa

kibopa_temeke: bluetooth haina, ina matundu mekundu na meupe tu

fundi_redio: poa, waya wa upande mmoja pini ya hedifoni upande mwingine nyekundu na nyeupe, Kariakoo umejaa

kibopa_temeke: wife kasoma hapa begani kwangu, anauliza kwa hiyo waya zinaongezeka?