Kishada kinazunguka na kupiga kichwa chini, kusi limeshika

Wakuu, huku Paje, Unguja, kishada cha chelewa (njiti za ukuti wa mnazi) na gazeti, urefu sentimita 60, kinapanda kidogo kisha kinazunguka na kuanguka. Kosa ni mkia?

— Mkia kwanza. Kwa kipimo hicho usipungue mita 3, vipande vya kanga chakavu. Kusi likikaza mchana, ongeza nusu mita.

— Mkia peke yake hautoshi, mkuu. Pima chelewa ya mlalo: iweke katikati juu ya kidole. Upande unaoinama ni mnene, ukwangue kwa kisu taratibu hadi ilale sawa. Halafu hatamu, yaani nyuzi fupi za kwenye vijiti zinazoshikana na uzi wa kurushia: fundo la kufungia uzi huo likae juu kidogo ya makutano ya vijiti. Likishuka, kishada hukinga upepo kifua kizima, huvuta uzi kwa nguvu na kuyumba. Lisogeze kidogo kidogo, kama upana wa ukucha, ujaribu tena.

— Gundi ya uji wa ngano ikauke kivulini, la sivyo gazeti hujikunja upande mmoja. Na rusheni ufukweni, jamani. Nyuma ya minazi upepo huvurugika. Nyaya za umeme zikae mbali kabisa.