Mwembe umelalia paa, Malindi: aanzie wapi mkataji?

Mja wa Maweni
Assalam aleikum. Kusi la jana usiku limeng'oa mwembe hapa Maweni ukalalia nyumba ya mzee. Mizizi imeinuka na udongo wake, shina limekaa juu ya ukuta, matawi yamepita yananing'inia upande wa jikoni. Kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa) zimevunjika. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, una ufa kutoka pembe ya dirisha. Waya wa stima umebanwa na tawi. Kuna kijana ana msumeno wa moto (wa injini), asema kwa muda wa saa mbili atakuwa ameumaliza. Aanzie wapi?

Fundi Paa
Wa aleikum salaam, poleni. Kijana angoje. Huo waya uhesabuni una moto hata kama nyumba ina giza: kuzima meni swichi ya ndani hakuzimi waya utokao kwenye nguzo. Kenya Power ndio wa kuukata. Hadi hapo, mtu asiguse mti wala mabati.

Pili, egemezeni kabla ya kukata. Kenchi zilizovunjika sasa hivi zimeshikwa na shina lenyewe. Ukitoa kipande, zito lililobaki hubiringika likatafuta pa kukaa. Ndani, chini ya kenchi zilizovunjika na kenchi moja nzima kila upande, simamisheni nguzo za mvinje za unene wa sm 10. Chini pana ubao wa inchi 8x2, juu ubao wa inchi 4x2 unaozishika kenchi zote, kisha kabari mbili mbili zinazopishana. Gongeni mpaka ziume, basi. Mkiinua paa mtaufungua ule ufa zaidi.

Sasa msumeno. Tawi linaloning'inia limevutwa juu, limebanwa chini. Akate chini kwanza, thuluthi ya unene, amalizie juu. Akianza juu litapasuka kwa urefu na kumrukia usoni. Shina lililolala kati ya mizizi na ukuta ni kinyume: juu ndiko kulikobanwa. Thuluthi kutoka juu, amalizie kutoka chini kwenda juu, la sivyo mkato utajifunga na kuuma msumeno.

Vipande viwe vifupi. Mita moja ya mwembe mbichi wenye upana wa sm 50 hukaribia kilo 180, kwa hiyo kila kipande kifungwe kamba na kuteremshwa kwa kapi, si kusukumwa. Na kapi isifungwe kwenye kenchi!

Kinachoua watu ni kisiki. Matawi yakipungua uzito, mizizi huweza kurudi shimoni ghafla na kuliinua shina. Kifungeni kwa mnyororo kwenye mti mwingine uliosimama imara, na watoto wasisogee karibu na shimo hata kuchungulia.

Bi Kizingo
Kabla ya yote hayo, picha. Kila upande, ndani na nje, na ufa ukiwa na futi ya kupimia kando yake. Kama kuna bima, toeni taarifa leo leo. Kama mti ni wa jirani na ndani una uozo au mchwa, wekeni kipande cha shina. Mazungumzo kwa chifu huwa mafupi penye ushahidi.

Mwashi wa Lamu
Huo ukuta msiutie saruji, tafadhali. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na huziba unyevu. Chumvi hukaa nyuma yake na kuivua plasta kutoka ndani. Kwanza pigeni vibandiko viwili vitatu vya plasta nyembamba kukatiza ufa, viandikwe tarehe. Kikikatika, ukuta bado unatembea, msizibe. Ukitulia, chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga uliooshwa kwa maji matamu. Jiwe lilowe kwanza, maana likiwa kavu hunywa maji yote ya huo mchanganyiko. Kisha magunia mabichi kwa wiki nzima. Na kama kuna dari ya boriti, dungeni kwa bisibisi ncha zilizoingia ukutani, ndiko kunakooza.

Mja wa Maweni
Ahsanteni. Mvua haijaisha, turubai tuliwekeeje mawe?

Fundi Paa
Mawe hapana, kusi litalifanya tanga. Livuke mgongo wa paa walau mita moja upande wa pili, maji yasiingie chini yake. Kingo zizungushiwe mbao za 2x1 na kupigiliwa kwenye mbao za paa, si kwenye mabati matupu. Wakati wa kuezeka upya: mapishano ya ubavuni wimbi moja na nusu, ya ncha sm 15, na msumari upigwe mgongoni mwa wimbi. Ukipigwa bondeni, maji yote hupita juu ya tundu.