Nani aliwadanganya kuwa bunduki ya zamani iking'aa ndiyo "orijino"?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Wauzaji mliomo humu msinune, maana nawasema ninyi.

Kila tangazo la bunduki ya zamani ya bolti (ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi) siku hizi ni lile lile: "Safi kama imetoka kiwandani jana, orijino asilimia mia, haijaguswa." Bunduki ya mwaka 1938, imezunguka porini miaka na miaka, imenyeshewa, imeshikwa na mikono yenye jasho, halafu chuma chote kinawaka hadi unajiona sura! Na bei imepandishwa kwa sababu ya huo mng'ao. Mng'ao huo ndio ulitakiwa kuishusha. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, hata fundi awe bingwa kiasi gani, na mkusanyaji anayejua anachotafuta hailipii rangi ya juzi.

Kuigundua wala si kazi ya mganga. Shusha jicho kwenye maandishi ya mtutu. Maandishi ya kiwandani yana kingo kali, ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Yakishapitiwa na gurudumu la kung'arishia, herufi moja inabaki imekolea na jirani yake imefifia upande mmoja. Tazama tundu za skrubu: midomo imebonyea, kwa sababu kitambaa cha gurudumu huzama pale kila kinapopita. Pembe zilizokuwa kali zimekuwa mviringo. Halafu kuna kile kinachonichekesha kuliko vyote, vishimo vya kutu vilivyopakwa rangi nyeusi mpaka chini. Kutu ilitangulia, rangi ikafuata, na bado mtu anaandika "haijaguswa".

Kwenye ubao ni hivyo hivyo. Kiwandani ubao uliachwa sawa na chuma au juu yake kidogo. Ukikuta chuma kimesimama juu ya ubao, hapo msasa umepita. Zile nakshi za almasi za kushikia zitakuwa butu, na vanishi imejaa mifereji yake. Kitako kikiwa kimekatwa ili kuwekewa mpira, ndiyo basi tena, ubao hauoti.

Sasa kuna huyu bwana wa juzi, aliyenipandisha presha. Anauza bunduki ya Kimarekani, Winchester Model 70, "pre-64". Kwa wasiojua: Model 70 ilitoka mwaka 1936, na mwaka 1964 kiwanda kikabana gharama. Ile kucha ndefu ya chuma iliyokuwa ikiikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini ikaondolewa, na nakshi za kuchongwa zikawa za kugandamizwa na mashine. Ndiyo maana za kabla ya hapo, zenye namba chini ya 700,000, zinagombewa. Namba ya huyu bwana iko sawa. Mtutu umeandikwa .300 H&H Magnum, yaani kaliba, aina ya risasi inayotumia, sawa. Nikaomba picha ya bolti upande wa chini, ambako kiwanda kilikwaruza namba kwa mkono. Ikaja, imelingana na ya mwilini. Sawa tena.

Nikaomba picha ya ganda lililopigwa na bunduki hiyo hiyo. Hapo ndipo maneno yakaanza: la nini, mbona una maswali mengi, wenzako wanalipa tu. Hatimaye likaja. Jamani, ganda la .300 H&H mnalijua, lina mabega marefu yanayoteremka taratibu hadi shingoni. Hili limejaa tumbo mpaka juu, na mabega ni mafupi ya mviringo. Hiyo ni chemba (nafasi ya ganda ndani ya mtutu) ya .300 Weatherby Magnum, kaliba nyingine! Mtu aliichimba upya, jambo lililofanywa sana kwenye mitutu ya kaliba hii, kwa sababu risasi ya H&H inaingia kwenye chemba ya Weatherby na kulipuka, ganda linatanuka kujaza nafasi. Na hakuna aliyejali kugonga maandishi mapya mtutuni. Nikamwambia. Jibu lake: "Si ndiyo vizuri, ina nguvu zaidi?"

Ina nguvu zaidi! Kaka, wewe umeandika orijino. Kama unauza bunduki ya kuwindia iliyobadilishwa kaliba, iandike hivyo, weka bei yake, mwindaji ataichukua kwa furaha na mimi sitafungua mdomo. Ila kumwuzia mtu kwa bei ya mkusanyaji, huku anayeamini maandishi ya mtutu ataanza kujiuliza kwa nini maganda yake yanatoka yamevimba na mengine yamepasuka, huo ni utapeli. Asiyeambiwa kilicho ndani anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Za Kijerumani nazo zina vituko vyake. Bunduki ya jeshi ya Mauser 98, nembo imesagwa juu ya risiva (mwili wa chuma unaobeba bolti), ikavishwa ubao mpya, tayari inaitwa "Mauser ya uwindaji ya Oberndorf", mji wa kiwanda cha Mauser. Alama za kusaga kwako zinaonekana, bwana: pale juu chuma kimekuwa bapa. Mwingine kaleta yake, "ya mwaka 1912, kila kitu cha asili", na muhuri wa upimaji kwenye mtutu ni tai juu ya herufi N. Tai huyo alikuja na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1939. Kabla yake ilikuwa taji. Kwa hiyo ama mtutu si wa 1912, ama ulirudishwa kupimwa baadaye baada ya kufanyiwa kitu. Kitu gani? Tueleze basi.

Bunduki za Kiaustria za Mannlicher-Schönauer zilizokatwa ubao wake mrefu unaofika mdomoni sizungumzii leo, nitalia.

Na hadithi! Kila bunduki ya Rigby, ya Kiingereza, kaliba ya .275, inayouzwa eti "kama ya Bell", "kama ya Corbett". Ni kweli mwindaji W.D.M. Bell aliitumia kaliba hiyo kwa tembo, na mwindaji Jim Corbett alipewa Rigby ya .275 baada ya kumuua chui milia jike wa Champawat mwaka 1907. Hiyo ni sifa ya bunduki zao. Yako ina sifa gani? Rigby wana vitabu vyao vya zamani vya mauzo, peleka namba uulizie ilitoka lini na ikiwa na kaliba gani. Karatasi hiyo ina maana kuliko aya nne za hadithi za babu.

Wathaminishaji nanyi sijawasahau. Unaletewa picha mbili zilizopigwa gizani, hujafungua skrubu hata moja, hujautoa mtutu kwenye ubao uone mwaka uliogongwa chini yake kama unaendana na namba, unataja bei. Ukiulizwa umeitoa wapi, unaonyesha makadirio ya mnada wa bunduki nyingine kabisa, yenye boksi lake na karatasi zake. Makadirio! Hata si bei iliyolipwa.

Na wewe uliyeniandikia faragha kwamba nakuharibia soko: bado hujanitumia picha ya daraja la nyuma, yaani sehemu ya nyuma ya risiva, bila darubini. Model 70 nyingi za kabla ya Vita ya Pili hazikutobolewa pale kiwandani, na vifungio vyako vya darubini vimesimama hapo hapo. Vitoe, piga picha mchana kweupe, iweke hapa kila mtu aone.