Mgonjwa hawezi kuvuka feri, ofisi yasema "aje mwenyewe"!

Wadau, leo naandika kwa hasira na simwombi mtu radhi. Baba watoto alikuwa mwanajeshi. Alipigana Somalia, vita ambavyo majeshi yetu ya Kenya yaliingia Oktoba 2011, akarudi Likoni na mikono na miguu yake yote, basi kila mtu amwona mzima. Si mzima! Usiku halali. Fataki za mwaka mpya zikianza hujifungia chooni, na watoto washajua wasigonge mlango. Wenzake wengine waliuawa El Adde, kambi yetu iliyoshambuliwa huko Somalia Januari 2016. Jina hilo kwangu halitajwi.

Sasa sikizeni. Nimeenda ofisi inayoshughulikia mambo ya wanajeshi wastaafu, kule kisiwani Mombasa, kuomba apate ushauri nasaha. Karani hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, aje mwenyewe." Nikarudi na barua ya daktari. "Nimeshakwambia, aje mwenyewe."

Aje vipi? Kwenda huko ni kuvuka feri. Ni kusongamana na mamia ya watu, huoni mbele wala nyuma, kisha ule mlango wa chuma ushuke ugonge zege kwa kishindo. Mara ya mwisho alipojaribu alijitupa kifudifudi palepale, na watu wakatoa simu kumrekodi. Tangu hapo havuki. Daktari alinieleza vizuri: kukwepa watu, kelele na chochote kinachomrudisha vitani ni dalili ya kiwewe, wala si ukaidi. Na kiwewe chatibika, mgonjwa akipata wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo. Sasa mwataka apone kwanza ndipo mumtibu?

Kila tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, yaani majeshi ya ulinzi ya Kenya, twasikia hotuba za mashujaa. Sheria ya wanajeshi wastaafu nayo ipo tangu 2022. Mimi nataka mshauri mmoja avuke feri aje huku. Kambi ya wanamaji iko Mtongwe, upande wetu huuhuu, na mitaa hii ina wastaafu tele, wengine ni masoja wa usiku kwenye mageti ya watu. Mtaani waitwa wehu au walevi. Yule anayekunywa mnazi ili apate usingizi, nani amewahi kumuuliza ameona nini?

Kilichomsaidia wangu ni mstaafu mwenzake aliyekuwa akija jioni. Waketi barazani na kahawa, hata hawaongei sana, na usiku huo alale. Yule bwana amehamia bara kutafuta kazi. Hakuna aliyeshika nafasi yake, na mimi siwezi kuishika, sikuwa vitani.

Wanawake wenzangu wa Likoni, Mtongwe na Shelly mlioolewa na wanajeshi wastaafu, jibuni hapahapa. Tukifika kumi twende ofisini pamoja, karani atuandikie kwa mkono wake kwa nini hawezi kututumia mtu.