Hedhi imekatika baada ya kujinyima chakula: ni mafuta kupungua au kuna jambo jingine?

Bintiharusi_Tanga:
Ndugu zangu, naomba msaada wa maarifa. Nina umri wa miaka 27 na urefu wa sentimita 162, na kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikipunguza uzito kwa ajili ya harusi yangu, nikashuka kutoka kilo 63 hadi 52. Asubuhi ninakunywa chai ya rangi na mayai mawili ya kuchemsha, mchana sili kitu, na jioni ninakula mchicha na kipande cha samaki. Wali, ugali na nazi nimeviacha kabisa. Siku tano kwa wiki ninakimbia kilomita 10. Huu ni mwezi wa nne sijaona siku zangu, ambazo zamani hazikuwahi kuchelewa. Mashine ya pale ninapofanyia mazoezi inasema mafuta ya mwili wangu ni asilimia 17, na mwalimu wangu anadai kwamba hedhi ikikatika ndiyo dalili kuwa mwili umeiva kimazoezi. Mama naye ameanza kunitazama kwa jicho la kunishuku mimba. Nani yuko sahihi?

Mkunga_Mstaafu:
Mwanangu, mama yako yuko karibu na ukweli kuliko mwalimu wako, kwa sababu kipimo cha kwanza kwa mwanamke aliyekosa hedhi ni cha mimba, hata awe na hakika kiasi gani. Kikionyesha hakuna mimba, basi kwa maelezo yako ninashuku kwamba ubongo ndio uliosimamisha kazi. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hupokea habari za akiba na mapato ya mwili, nyingine zikiletwa na leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta. Ikiona nishati haitoshi, hupunguza amri zake kwa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ovari zikaacha kupevusha yai, estrojeni, homoni ya kike, ikashuka, na utando wa ndani wa mji wa mimba usijengeke, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Kizazi chenyewe huenda ni kizima, ila hakijapewa amri.

Msomaji_Makini:
Shikamoo Mkunga. Naongeza kwamba mwaka 1974 watafiti wa Marekani, Rose Frisch na Janet McArthur, walipendekeza kuwa msichana huhitaji mafuta ya takriban asilimia 17 ili avunje ungo, na takriban 22 ili hedhi iendelee vizuri. Kwa hesabu hiyo, dada yetu yuko chini ya mstari.

Mkunga_Mstaafu:
Marahaba. Nadharia hiyo ninaifahamu, lakini mstari huo haukusimama: wako wanawake wenye asilimia 17 wanaoona siku zao vizuri, na wako wenye mafuta zaidi ambao hedhi imewakatika. Isitoshe, mizani hizo za umeme hubadilisha jibu kutegemea maji uliyokunywa. Majaribio ya mtafiti Anne Loucks yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitazama nishati inayobaki baada ya mazoezi, yakaonyesha kwamba ikishuka chini ya kalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta, mapigo ya homoni za uzazi, yaani utoaji wake wa vipindi, huvurugika ndani ya siku 5 tu, muda ambao hautoshi kumkondesha mtu. Kwako, mwanangu, kilo hizo ni kama 43, yaani ungepaswa kubakiwa na kalori 1,290 hivi. Chakula ulichokitaja, kwa makadirio yangu, hakifiki 800, na mbio za kilomita 10 hula kama 500. (Nayo 30 si ukuta, miili hutofautiana.)

Mkimbiaji_wa_Zamani:
Mimi nilikaa miaka miwili bila hedhi na nikafurahia kutonunua pedi, mpaka mfupa wa muundi ulipopata ufa katikati ya mazoezi, kwa maana estrojeni ikikosekana mifupa hudhoofika. Kabla ya hapo nilikuwa nimepewa vidonge vya uzazi wa mpango, damu ikarudi kila mwezi nikajiona nimepona, kumbe damu ile ililetwa na vidonge, wala haikuwa mzunguko wangu. Kilichonirudishia siku zangu ni kula zaidi, wanga na mafuta yakiwemo, na kupunguza mbio. Ilichukua miezi saba. Ukianza kula, kumbuka pia kuwa yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, hivyo mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona damu.

Mkunga_Mstaafu:
Hayo ya vidonge ni kweli tupu. Miezi mitatu ikishapita ni lazima uonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake, maana tezi ya shingo ikienda vibaya, au prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, ikizidi, huweza kuleta hali ileile, na hayo hayatambuliki bila kupima damu.

Bintiharusi_Tanga:
Nawashukuru sana. Kipimo cha mimba nimekifanya mbele ya mama na hakuna kitu. Daktari nitamwona Alhamisi. Leo mchana nimekula wali wa nazi sahani nzima, na fundi nimemwomba asilibane gauni kiunoni kwanza.